Kuuza, kuuzisha na «mauzo ya nje»: namna ya kusoma hesabu za mazao ya Kongo

Katika vitabu vya uchumi vinavyochapwa Dar es Salaam au Nairobi, «mauzo ya nje» ni vitu ambavyo nchi inavipeleka kwa wageni na kupokea pesa. Hapa Likasi mtu akisikia maneno hayo anaelewa kinyume. Kwa Kiswahili chetu, kuuza ni kutoa pesa na kupokea kitu. Anayetoa kitu na kupokea pesa, huyo anauzisha. Mama wa Kikula akisema «niliuza bunga Kasumbalesa», hakuna mtu wa hapa atakayefikiri kwamba alipeleka unga mpakani. Alienda kuununua.

Kwa hiyo redio ikisoma kwa Kiswahili sanifu kwamba «thamani ya mauzo ya nje ya mazao ya kilimo imepanda», mtu wa Tanga anapokea habari njema: wakulima wamepeleka zaidi. Mtu wa Panda au wa Shituru anapokea habari mbaya: tumetumia pesa nyingi zaidi kwa chakula cha wageni. Sentensi ni ile ile.

Makala hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza tofauti hiyo kwa sarufi, kwa sababu wengi wetu tutafanya kazi ya kutafsiri: habari za redio, vitabu vya shule, vipeperushi vya vyama vya wakulima. Ya pili ni kueleza kile ambacho neno «thamani» linafunika pale tunapotazama hesabu za miaka mingi. Anayetafsiri jedwali bila kujua limetengenezwa namna gani anaweza kupatia kila neno na bado akamdanganya msikilizaji.

Kitenzi na kiambishi chake

Kuuzisha si kosa, na si «Kiswahili kilichovunjika» kama wengine wanavyopenda kusema. Ni kitenzi -uza pamoja na kiambishi cha kusababisha, -ish-. Anayeuzisha anamfanya mwingine auze, yaani anunue. Kiswahili sanifu chenyewe kinajua njia hiyo vizuri sana: anayechukua deni anakopa, anayelitoa anakopesha; anayeingia katika nyumba ya mtu anapanga, mwenye nyumba anapangisha; anayechukua gari kwa siku moja anakodi, mwenye gari anakodisha. Katika jozi hizi zote, yule anayepokea kitu ana kitenzi kifupi, na yule anayekitoa ana kitenzi kilichoongezwa -ish- au -esh-. Kiswahili cha Katanga kimefanya hivyo hivyo kwa soko.

Kibemba kina mpango huo huo: ukushita ni kununua, ukushitisha ni kuuza. Kambi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, zilipokea wafanyakazi wengi kutoka upande wa pili wa mpaka, ule unaoitwa leo Zambia, na wengine kutoka Kasai na Rwanda. Si ajabu kwamba Kiswahili kilichokomaa katika kambi hizo kina sura hiyo. Lingala, kwa upande wake, ina mizizi miwili tofauti, kosomba kwa kununua na koteka kwa kuuza, sawa na pwani wanavyotenga -nunua na -uza.

Tofauti hiyo ina faida moja kwa somo letu. Kitenzi chetu kinalazimisha swali: nani anamfanya nani anunue, na kwa masharti gani? Jedwali la thamani ya mazao yanayotoka nchini halina nafasi ya swali hilo. Linatoa mwaka, zao na pesa tu.

Thamani imetengenezwa na nini

Thamani ya zao lililotoka nchini katika mwaka mmoja ni wingi wake ukizidishwa kwa bei yake. Hesabu ni rahisi, lakini watu huisahau kila siku. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kijiji kimoja kiliuzisha magunia 100 ya kahawa kwa dola 50 kila gunia. Thamani ni dola 5,000. Mwaka unaofuata mikahawa imegonjwa, yamepatikana magunia 60 tu, lakini bei duniani imepanda hadi dola 100. Thamani ni dola 6,000. Mstari wa thamani umepanda kwa asilimia 20. Mavuno yameshuka kwa asilimia 40. Anayetazama mstari peke yake atasema kilimo kinaendelea vizuri.

Jambo la pili ni mahali bei inapopimwa. Hesabu za kimataifa kwa kawaida huandika bei ya bandarini, zao likiwa tayari kupanda meli: Matadi, Mombasa au Dar es Salaam. Ndani ya bei hiyo kuna gunia, lori, kodi za njiani, vizuizi, faida ya mchuuzi na ya kampuni. Bei aliyoipata mkulima shambani haimo katika jedwali. Bei ya bandarini inaweza kupanda mara mbili na ile ya shambani ikabaki palepale.

La tatu ni pesa yenyewe. Nchi yetu ilianza uhuru ikiwa na franka. Mwaka 1967 ikaja zaire. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja ikichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja ikichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha, franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za mwanzo. Mstari wa miaka 60 ulioandikwa kwa pesa ya nchi hausomeki. Unapima kuanguka kwa pesa kuliko unavyopima kahawa. Ndiyo maana watu wanaandika kwa dola. Lakini dola pia hailali: kitu kilichonunuliwa Marekani kwa dola 1 mwaka 1960 kinahitaji leo dola 10 na zaidi. Mazao yaliyoleta dola milioni 100 wakati huo na dola milioni 200 leo hayakuongezeka mara mbili. Uwezo wake wa kununua umeshuka hadi karibu sehemu moja ya tano.

Kuna pia mwaka wa kuanzia. Hesabu za biashara za FAO, ambazo wanafunzi wengi huzitumia, zinaanza mwaka 1961. Kwa nchi nyingi hilo si tatizo kubwa. Kwa Kongo, 1961 ni mwaka wa pili wa vurugu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga, ikawa na forodha yake na hata franka yake hadi mwanzo wa 1963. Jedwali la miaka hiyo lazima liulizwe: Katanga imo au haimo? Ikiwa haimo, kilimo kitaonekana kikubwa kwa sababu tu shaba yetu imeondolewa. Na anayeanzia 1961 haoni kilele kilichokuwa nyuma yake miaka miwili tu.

Mpira, ngazi, pamba, kahawa, kakao

Tuchukue sasa mambo hayo na kusoma nayo historia yenyewe.

Mwaka 1890 Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme Leopold II, ilitoa mpira wa porini kama tani 100. Mwaka 1901 ilitoa karibu tani 6,000. Tairi za upepo zilikuwa zimevumbuliwa mwaka 1888, baiskeli kisha magari yalitaka mpira, bei ikapanda, na mpira ukawa zaidi ya nusu ya thamani yote iliyotoka nchini. Kwa macho ya mstari peke yake, hakuna kipindi kilichopanda vizuri kama hicho. Tunajua namna ulivyopatikana: vijiji vilipangiwa kiasi, wanawake walishikwa mateka mpaka waume warudi na mpira, mikono ilikatwa. Wingi ulipanda kwa nguvu ya bunduki. Kisha mashamba ya mpira ya Asia yakaanza kutoa, bei ikaanguka kabla tu ya vita ya 1914, na mstari wa Kongo ukaanguka pia.

Hapa mwanafunzi wa lugha anaweza kuuliza jambo jingine: je, huo ulikuwa «zao la kilimo»? Hakuna aliyelima. Mpira ulikamuliwa kwenye mitambaa ya msituni. Jedwali moja litauweka katika kilimo, jingine katika misitu. Neno «zao» linapokea vyote viwili bila shida, kwa sababu linatoka katika -zaa: chochote kinachozaliwa na ardhi. Mtafsiri lazima ajue jedwali lake limechora mpaka wapi.

Kipindi cha pili ni cha ngazi na pamba. Mafuta ya ngazi ni yale ambayo pwani huitwa mawese. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mkataba na Lever, mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza, ikampa haki juu ya misitu ya michikichi katika maeneo matano. Kituo chake cha Lusanga, katika Kwilu, kiliitwa Leverville. Mwaka 1917 ikaja sheria ya mazao ya lazima, na pamba ikawa ya kwanza kati yake. Cotonco, kampuni kubwa ya pamba, iliundwa mwaka 1920. Mkulima hakuchagua kulima pamba, hakuchagua mnunuzi, na bei ilipangwa juu yake. Tangu 1933 sheria iliruhusu siku 60 kwa mwaka za kazi hiyo ya lazima. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Kaskazini ya Katanga ilikuwa moja ya nchi hizo za pamba, na Kalemie, iliyoitwa Albertville, ikapata kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mwanahistoria Osumaka Likaka ameandika kitabu kizima juu ya pamba na maisha ya vijiji katika miaka hiyo, na anayetaka kuelewa nini kiko nyuma ya tarakimu za pamba aanzie hapo.

Upande mwingine wa kipindi hicho ni elimu. Kituo cha utafiti wa kilimo, INEAC, kiliundwa mwaka 1933, makao yake Yangambi. Huko, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba mchikichi unaoitwa tenera, wenye nyama nyingi na gamba jembamba, ni mtoto wa aina mbili nyingine. Ugunduzi huo ukawa msingi wa mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Mwisho wa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mafuta ya ngazi kwa mwaka, na katika Afrika ilikuwa nyuma ya Nigeria tu kwa kuyapeleka ng'ambo. Kilimo kilikuwa takriban asilimia 40 ya thamani yote iliyotoka nchini. Ndicho kilele ambacho wazee wanakizungumzia. Kilikuwa cha kweli. Kilikuwa pia kimesimama juu ya kazi ya lazima, juu ya kampuni chache, na juu ya barabara ambazo kila kijiji kililazimishwa kuzilima. Lazima ilipoondoka pamoja na utawala, hakuna aliyeweka bei nzuri mahali pake.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasyo: mashamba na maduka ya wageni yakapewa wenyeji, wengi wao watu wa karibu na serikali ambao hawakuwahi kuendesha shamba. Mashamba mengi yalikufa katika miaka michache. Tazama sasa mstari wa thamani ya kahawa katika miaka inayofuata mara moja: unapanda. Sababu haiko Kongo. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda mara kadhaa. Aliyeandika ripoti mwaka 1977 kwa kutazama dola peke yake angeweza kusifu siasa iliyokuwa inaua mashamba.

Kahawa ikaendelea kuwa zao la kwanza, na katika miaka ya 1980 nchi ilipeleka nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kisha mambo matatu yakafuatana. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya nchi za kahawa juu ya viwango vya kuuzisha yalivunjika, na bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyauka ukakausha mikahawa ya robusta kaskazini-mashariki. Na mwaka 1996 zikaanza vita. Kufikia miaka ya 2010 kahawa iliyoandikwa ilikuwa karibu tani 10,000 tu kwa mwaka. Hapa, kwa mara moja, wingi na bei vilishuka pamoja, na mstari unasema kweli.

Kipindi tulichomo ni cha kakao, hasa katika Ituri na upande wa Beni. Mwaka 2022 tani moja ya kakao ilikuwa karibu dola 2,500 katika soko la dunia. Mwaka 2024 ilipita dola 10,000, kwa sababu mavuno ya Kodivaa na Ghana yalikuwa mabaya. Mkakao unahitaji miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo thamani yoyote iliyoongezeka mara tatu au nne katika miaka hiyo miwili haikutoka kwenye miti mipya. Na bei iliyopanda kwa njia hiyo inaweza kurudi chini kwa njia hiyo hiyo, bila mkulima wa Beni kufanya kosa lolote.

Asilimia na kivuli cha shaba

Watu wengi hawatumii thamani bali sehemu: «kilimo kilikuwa asilimia 40, leo hakifiki asilimia 10». Zote mbili ni kweli, lakini sehemu ina pande mbili. Tuseme mazao yanaleta 100 na madini yanaleta 150: kilimo ni asilimia 40. Mazao yakibaki 100 na madini yakapanda hadi 2,000, kilimo ni chini ya asilimia 5, na hakuna hata gunia moja lililopotea.

Sisi wa Likasi tunaweza kuelewa hilo kuliko wengine, kwa maana upande wa pili wa sehemu hiyo ndio sisi. Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 kampuni ilikuwa karibu tani 30,000. Katika miaka hiyo sehemu ya kilimo ingeweza kuonekana inapona, kumbe ni shaba iliyokuwa mgonjwa. Leo nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, pamoja na kobalti nyingi kuliko nchi yoyote, na madini ni zaidi ya asilimia 90 ya thamani inayotoka. Sehemu ndogo ya kilimo leo ina sababu mbili zilizochanganyika: mashamba yaliyokufa kweli, na shaba iliyofura. Anayetaka kuzitenga lazima arudi kwenye tani.

Kisichoandikwa

Hesabu za forodha zinahesabu kinachopita forodha. Kahawa nyingi ya Kivu ilivuka ziwa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na mazao ya Ituri na Beni yalivuka hadi Uganda, kwa sababu upande huo bei ilikuwa nzuri na kodi kidogo. Kahawa hiyo haikupotea. Iliandikwa katika hesabu za jirani. Njia moja ya kuipata ni kulinganisha: nchi zinazopokea zinasema zimepokea nini kutoka kwa nani? Kama jirani anapeleka kuliko mashamba yake yanavyoweza kuzaa, jibu linaanza kuonekana.

Kwa hiyo mwaka ambao serikali inapunguza kodi za njiani au inaimarisha mpaka, mstari unaweza kupanda bila mkulima kuvuna zaidi. Zao lile lile limebadilisha daftari tu.

Bunga letu

Tunarudi Haut-Katanga. Mahindi hayamo katika orodha ya mazao niliyotaja, kwa sababu hayatoki nchini, yanaingia. Hali hiyo ina umri wa mji. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911, na tangu miaka hiyo ya mwanzo unga wa posho kwa wafanyakazi ulipanda kutoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini. Posho ilikuwa sehemu ya mshahara, ikigawiwa kila juma. Mtu wa mgodi hakuhitaji kulima, na kampuni ilipendelea hivyo. Likasi, wakati huo Jadotville, ilijengwa kula bukari ya unga uliolimwa kwingine.

Posho imekwisha, njia ya unga imebaki. Bei ya meka ya bunga sokoni inafuata mvua za Zambia na maamuzi ya Lusaka. Zambia imefunga au kubana mpaka kwa mahindi mara nyingi inapohofia watu wake; mwaka 2024, ukame ulipoifanya itangaze msiba wa taifa, tulijua hapa bila kusoma gazeti. Wakati Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kati ya 2007 na 2015, kampuni za madini ziliagizwa kulima hekta 500 za mahindi kila moja. Siku za karibuni mahindi ya Kaniama-Kasese, yanayolimwa na Service National, yameletwa kuuzishwa kwa bei ya chini. Zote mbili ni juhudi za kujibu swali moja: kwa nini jimbo lenye mvua toka Novemba hadi Aprili linanunua bukari yake?

Sehemu ya jibu ni udongo wetu wa miombo, ambao ni mchachu na unataka chokaa na mbolea. Sehemu ni barabara. Sehemu ni kwamba mshahara wa mgodi, ukiwepo, unashinda faida ya shamba. Lakini sehemu moja iko katika hesabu zenyewe. Kwa miaka zaidi ya 100 kilimo cha nchi hii kimepimwa kwa kile kinachofika bandarini: mpira, ngazi, pamba, kahawa, kakao. Mahindi na mihogo ya Kapolowe inayoliwa Likasi haiingii katika mstari huo hata siku moja. Gunia la mahindi ambalo halikununuliwa Zambia kwa sababu limelimwa Kambove haliongezi kitu katika «thamani ya mauzo ya nje», ingawa limeokoa dola zile zile ambazo gunia la kahawa lingezileta.

Pendekezo kwa wanaotafsiri

Nina mapendekezo mawili, na ningefurahi walimu na wenzangu wayajadili.

La kwanza ni juu ya neno. Katika maandishi ya Kiswahili sanifu, «mauzo ya nje» libaki, kwa sababu ndilo linalotumika Afrika ya Mashariki yote. Lakini linapoandikwa au kusomwa kwa watu wa Katanga, lifuatwe mara ya kwanza na maelezo: vitu ambavyo nchi inauzisha wageni. Katika redio, ningesema moja kwa moja «bintu bya kuuzisha inje» na «bintu bya kuuza inje», ambavyo kila mtu wa hapa anavitenga bila kufikiri. Ningeepuka «kutosha inje», ingawa kwetu ni wazi kwamba ni kutoa, kwa sababu mtu wa pwani akiisikia atafikiri tunasema kwamba kitu kinatosha.

La pili ni juu ya jedwali. Kabla ya kutafsiri sentensi yoyote inayosema thamani imepanda au imeshuka, tuulize maswali matano. Ni bei iliyobadilika au ni wingi? Ni pesa gani, na ya mwaka gani? Mstari umeanza mwaka gani, na kuna nini nyuma ya mwaka huo? Kama ni asilimia, ni asilimia ya kitu gani, na kitu hicho chenyewe kimefanya nini? Na mpaka uliohesabiwa ni upi, wa forodha au wa shamba?

Mara nyingi jedwali lenyewe halitakuwa na majibu yote. Hapo mtafsiri anaweza angalau kuandika kile alicho nacho: «bei imepanda, tani hazijulikani». Maneno manne au matano ya ziada hayamchoshi msikilizaji. Mkulima wa Kapolowe anayeamua mwezi wa Septemba kama atapanda mahindi au ataacha shamba aende kuchimba anahitaji kujua kilichopanda ni nini.